Macho Mguuni, Sikio Kwenye Glavu

Santa Eduvigis, 28 Aprili 1974

Mdogo wangu Zunilda,

Barua hii ikukute mzima, wewe na cherehani yako. Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Ofelia mgongo umemwachia na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo ujue amepona kweli. Viatu ulivyotuma vimefika. Vyangu vimenikaa sawasawa. Vyake vinambana, lakini anavivaa kanisani hivyo hivyo ili Wamoravian wote wajue ana wifi New York. Kiwanda cha sukari bado kinasaga, na miwa ya mwaka huu ni mingi mpaka mabehewa hayatoshi.

Sasa nikueleze jambo ambalo utalisikia tu hata nisipokueleza, maana midomo ya watu wa hapa inafika New York kabla ya ndege. Jumapili iliyopita tulikuwa na fainali ya besiboli, sisi wa kiwanda dhidi ya timu ya bandarini. Mimi nilikuwa mwamuzi wa vituo. Kabla ya mpira wa kwanza manahodha wote wawili waliulizwa kama wananikubali, kama ilivyo desturi ya ligi yetu. Wakanikubali, na nahodha wa kiwanda ni mwanao Eligio.

Kipindi cha tisa, cha mwisho, tuko nyuma kwa alama moja, wawili wetu wameshatoka na wa tatu akitoka basi, mtu wetu yuko kituo cha tatu. Eligio akashika gongo. Akapiga mpira wa chini, ukaokotwa, ukarushwa kituo cha kwanza, kwenye glavu ya mlinzi wao. Mguu wake na mpira vikafika pamoja, au karibu na pamoja. Mguu ukitangulia, alama inahesabika na tunasawazisha. Mpira ukitangulia, mchezo umekwisha. Unajua baba alivyotufundisha: macho mguuni, sikio kwenye glavu. Nikainua ngumi. Ametoka.

Kombe likaenda bandarini. Nimetukanwa kwa lugha tatu, na mama mmoja akanirushia ganda la chungwa. Katika miaka ishirini na sita sijawahi kurudisha uamuzi, na huo nao sikuurudisha.

Eligio hajambo, anafanya kazi kwenye mapipa ya kuchemshia kama kawaida.

Ni mimi kaka yako,
Leocadio Hodge


Bronx, 19 Mei 1974

Kaka Leocadio,

Nakuamkia, na wifi Ofelia naye mwambie avue viatu kabla havijamharibia vidole. Mimi mzima. Baridi imeondoka na sasa watu wa jengo letu wameshusha viti hadi kando ya barabara, wanacheza domino na kupiga kelele kana kwamba wako kwao.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nililia, kwa sababu namjua mwanangu, najua alivyolitaka lile kombe. Mara ya pili nikasimama peke yangu jikoni nikasema kwa sauti, huyu ndiye kaka yangu.

Nimelisimulia kote katika kiwanda chetu cha kushona. Tuko wanawake arobaini katika chumba kimoja, na kuna mmoja wa Puerto Rico, Iraida, ambaye hatupumzishi na habari za kaka yake polisi. Kaka yangu hivi, kaka yangu vile. Juzi nikazima cherehani nikamwambia, "Huyo kaka yako amewahi kumtoa mtoto wa dada yake siku ya fainali, mbele ya mtaa mzima, halafu akarudi nyumbani kwa miguu?" Akanyamaza. Mwenzetu mmoja kutoka Cuba akasema, "Wangu angempa mpwa wake kombe, na glavu juu." Tukacheka mpaka msimamizi akaja.

Baba alivuka bahari kutoka kisiwa cha Nevis kuja kukata miwa, mfukoni hana kitu ila sheria za kriketi kichwani. Watu walikuwa wanamwita kutoka mashamba matano aje aamue, kwa sababu Samuel Hodge haongopi. Sasa wamekuona wewe. Natembea kifua mbele, Leocadio. Hata kwenye treni natembea kifua mbele.

Ila mbona Eligio hakuandika mstari wake mwishoni mwa barua? Siku zote anaandika, japo neno moja la kipuuzi. Mwambie mama yake amenuna.

Zunilda


Santa Eduvigis, 25 Juni 1974

Zunilda mdogo wangu,

Sisi wazima. Mvua imeanza, na paa la chumba cha nyuma linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Ofelia anakusalimu. Goti langu la kushoto linanisumbua kidogo, kwa hiyo Jumapili hizi napumzika.

Eligio ana kazi nyingi. Wakati wa kufungua mashine na kuzisafisha umefika, unajua kulivyo.

Ile habari ya fainali, nakuomba usiendelee kuisimulia. Mchezo ulishakwisha. Iache ipumzike.

Kaka yako,
Leocadio


Bronx, 14 Julai 1974

Kaka,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, na joto la hapa sasa linashinda la kwetu kwa sababu halina upepo.

Nilikuwa nimeshangaa barua yako kuwa fupi. Sasa sishangai tena. Doña Ersilia, yule mama anayeuza mikate ya kukaanga uwanjani nyuma ya kituo cha kwanza, amekuja kumwona binti yake hapa Bronx. Jumamosi alinitembelea. Nilimtilia kahawa, nikaanza kujisifu mbele yake habari za kaka yangu. Alikunywa kahawa yote bila kunitazama usoni. Nikamwambia, "Doña, sema."

Akasema. Kwamba mwanangu hajalala nyumbani kwako tangu siku ya fainali, anakaa kwa rafiki yake karibu na reli. Kwamba goti lako halina ugonjwa wowote. Kwamba kila Jumapili timu ya kiwanda inapocheza mechi ya kirafiki nyumbani unavaa suruali yako ya kijivu na kofia, unakwenda hadi katikati ya uwanja, na mwenyekiti wa ligi anamwuliza Eligio, "Nahodha, mnamkubali mwamuzi?" na Eligio anajibu, "Hatumkubali." Neno hilo tu, haongezi. Nawe unavua kofia unarudi nyumbani, na mwingine anaitwa. Jumapili tisa, Leocadio. Jumapili tisa umefanyiwa hivyo na mtoto niliyekuachia mikononi, na mimi huku napiga domo kwenye treni.

Nilikasirika na Eligio. Nilimwambia Ersilia kwamba mwanangu amekosa adabu, mtu mzima wa miaka ishirini na minne kumnunia mjomba wake kwa sababu ya mchezo. Ersilia akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwanao hajanuna kwa sababu ya mchezo. Zunilda, ile ilikuwa saa tisa kamili. King'ora cha kiwanda kilikuwa kinalia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, mteja ananiomba mkate, namwona midomo inacheza tu, sisikii kitu."

King'ora kile nakijua. Kinalia dakika nzima, mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Katika barua yako umeniandikia mpaka ganda la chungwa, lakini king'ora hukukitaja.

Basi nakuuliza, kaka yangu, kwa heshima zote. Ulisikia nini?

Zunilda


Bronx, 8 Septemba 1974

Leocadio,

Sijapata jibu. Ofelia ameniandikia kwamba barua yangu ilifika Agosti mwanzoni, kwamba unaiweka mfukoni ukienda kazini na kurudi nayo. Nami nangoja. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali akajifanya amelala.

Z.


Santa Eduvigis, 13 Oktoba 1974

Zunilda,

Sina habari za kuanzia. Kila mtu mzima, Mungu ashukuriwe.

Sikusikia.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi sita kabla ya hii na zote nimezichana. Nitakueleza lilivyokuwa, kisha uniambie utakalo.

Nilikuwa mahali panapostahili, upande wa kulia wa kituo, nimeinama, macho kwenye mguu. Mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwa mrushaji wao king'ora kilipoanza. Niliuona mguu wa Eligio ukigusa kituo. Niliuona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini mlio wa mpira kwenye glavu, ule unaotuambia nani ametangulia, haukunifikia. Kulikuwa na king'ora tu. Nilipoinua macho mpira ulikuwa tayari ndani ya glavu, na lini uliingia sikujua.

Unakumbuka baba alivyosema: mwamuzi akiwa hana hakika, mkimbiaji abaki salama. Asiyejua hamtoi mtu. Nilikumbuka hata mimi. Usidhani nilisahau. Lakini katika ile nusu ya pumzi nikawaza, nikisema salama tunasawazisha, na watu wote wa bandarini watasema Leocadio kambeba mpwa wake. Miaka ishirini na sita ya jina langu itaishia hapo. Nikisema ametoka, hakuna atakayenishuku, kwa sababu nani humwonea mtoto wa dada yake? Nikainua ngumi.

Nilimtoa kwa sababu ni wetu. Angekuwa kijana wa nyumba nyingine ningempa kituo chake.

Halafu ikaja barua yako, kaka yangu hivi, kaka yangu vile, kifua mbele kwenye treni. Ningekwambiaje? Nimekuwa nikivaa suruali ile ya kijivu kila Jumapili kwa sababu nisipokwenda watu watajua, na nikienda ananikataa, na akinikataa narudi nyumbani nikijiambia kwamba ni mtoto, atasahau. Ofelia hajaniuliza lolote. Ananiwekea chakula na kukaa upande ule mwingine wa meza.

Sasa unajua. Usimwonyeshe mtu.

Leocadio


Bronx, 10 Novemba 1974

Kaka Leocadio,

Nilipomaliza kuisoma nilitoka nikatembea mitaa ishirini bila koti, na huku Novemba si Novemba ya kwetu.

Nina hasira nawe na nitaisema ili isinioze. Ulimchukua mwanangu ukamtumia kama kitambaa cha kung'arishia jina lako. Umemwacha alale kwenye nyumba ya watu miezi sita. Ulimwacha aonekane mtovu wa adabu mbele ya kanisa zima, wakati aliyekosa adabu ni wewe. Na kwangu ulinitumia uongo ukiwa umekunjwa vizuri, na mimi nikauvaa.

Lakini nikiwa nje kule, meno yanagongana, nikajiuliza kitu kingine. Ile barua yako ya kwanza, mimi mama yake niliuliza nini? Nilikuuliza Eligio analala? Anakula? La. Nililia kidogo, nikajipangusa, nikaenda kumnyamazisha Iraida. Nilifurahi mwanangu alivyotolewa kwa sababu nilipata la kujisifia. Wewe ulimtoa kwa ajili ya jina, na mimi nikalishangilia jina. Ndivyo tulivyo sisi watoto wa Samuel Hodge. Tunapenda sana kuonekana hatuna upendeleo, mpaka tunawaonea watu wetu.

Sasa sikiliza. Umeniambia nisimwonyeshe mtu. Sitamwonyesha, kwa sababu si mimi niliyeinua ngumi. Ngumi uliiinua mbele ya watu elfu mbili. Huwezi kuishusha jikoni kwangu Bronx, kwenye bahasha. Na usimfuate Eligio pembeni ukamnong'oneze, ukamwomba yaishie baina yenu. Aliaibishwa uwanjani, na ni uwanjani utakaposema.

Watakucheka. Wacha wacheke. Huenda ligi ikakuondoa. Ikikuondoa, uondoke ukiwa mwamuzi. Sasa hivi wewe ni mtu mwenye suruali ya kijivu.

Kwa Eligio sijaandika neno juu ya hili. Akusikie wewe kwanza.

Mdogo wako ambaye bado anakupenda, na ambaye hatasema hivyo mara mbili mwaka huu,
Zunilda


Santa Eduvigis, 16 Desemba 1974

Zunilda mdogo wangu mpendwa,

Sote wazima. Kiwanda kimeanza kusaga tena, na mji mzima unanuka sukari iliyoungua. Ofelia ameshatengeneza pombe ya Krismasi na anaificha mahali ambapo kila mwaka napajua.

Jana tulicheza na bandarini, mechi ya kwanza ya msimu mpya. Uwanja ulijaa mpaka watoto walikaa juu ya mabehewa. Nilivaa nguo zangu za kazi nikaenda hadi katikati kama Jumapili nyingine zote. Mwenyekiti akafungua mdomo kuwauliza manahodha, nikamwomba ruhusa niseme kwanza. Akafikiri nataka kujiuzulu. Akanipa kipaza sauti chao kile kinachokoroma.

Nilisema hivi, na nakuandikia kama nilivyosema, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri maneno hayo wiki tatu: "Siku ya fainali king'ora kilikuwa kinalia. Mpira sikuusikia. Sikujua nani ametangulia, na mwamuzi asiyejua hamtoi mtu. Nilimtoa Eligio kwa sababu ni mpwa wangu, nikaogopa mtasema nimempendelea. Nilikosa. Namwomba radhi mbele yenu, na timu nzima ya kiwanda."

Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Halafu mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Miezi minane, Leocadio! Hilo sikio lako linapokea kwa posta?" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mwingine akasema, "Mpimeni na macho basi, tumalize kazi!" Nahodha wa bandarini, yule mnene Casimiro, akanyanyua mikono yote miwili akasema, "Mimi nimesikia, nimeguswa, nimeumia sana. Lakini kombe haturudishi." Nikacheka hata mimi.

Mwenyekiti akamgeukia Casimiro. "Bandarini mnamkubali?"

"Tunamkubali. Angalau huyu tunajua alikosea wapi."

Akamgeukia Eligio. Eligio hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama tangu nilipoanza kusema. Akanijia mpaka karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini kile kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu na watu wote wakasikia.

"Mjomba, siku ile nilifika?"

"Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui."

"Hata mimi sijui," akasema. "Sikusikia kitu kama wewe. Lakini niligeuka nikauona uso wako kabla hujainua ngumi. Niliona kabisa kwamba hujui. Kutolewa si kitu, nimetolewa mara mia. Nilikuwa nangoja useme."

Nilimshika bega, akaniacha nimshike. Mwenyekiti akarudia swali lake kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu. Eligio akasema, "Kiwanda tunamkubali. Lakini king'ora kikilia, asimamishe mchezo."

Wakaiandika hapo hapo kwenye daftari la ligi, na sasa ni sheria. Saa tisa kilipolia niliinua mikono yote miwili, na wachezaji wote wakasimama pale pale walipo, mmoja mguu hewani, dakika nzima, na watu wakavua kofia kama kanisani. Najua ni utani wao. Lakini nilisimama katikati ya kimya kile cha makelele nikanyoosha mgongo.

Sasa la mwisho, na hili ulipokee umekaa. Kipindi cha saba Eligio alijaribu kuiba kituo cha pili, akakimbia kabla mpira haujapigwa. Alijirusha kifudifudi, vumbi likapanda. Safari hii mlio wa glavu niliusikia, nikaiona ikimgusa bega, na mkono wake ulikuwa bado uko nyuma upana wa kiganja. Nikainua ngumi. Akaruka kama aliyekaa juu ya siafu. "Ametoka nani? Ametoka nani, mjomba? Wewe umetoka! Macho yako yametoka!" Nikamwambia arudi kwenye benchi. Akanisogelea kifua kwa kifua, mate yananirukia usoni, kofia yangu akaidondosha chini. Kwa desturi yetu, anayeigusa kofia ya mwamuzi hana mjadala. Nikanyoosha kidole langoni, nikamfukuza uwanjani, nahodha mzima, mtoto wa dada yangu, mbele ya watu wote. Hakuna aliyenong'ona kwamba nimempendelea, wala kwamba nimemwonea. Walizomea tu, wanavyomzomea mwamuzi yeyote. Dada yangu, sijawahi kujisikia fahari namna ile tangu nizaliwe.

Tulishinda kwa alama mbili bila yeye. Nilirudi kwa miguu, taratibu, kofia ina vumbi. Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa mezani, bado ana jezi, bado amefura kwa hasira, hanitazami, na anakula sehemu yangu ya chakula.

Kaka yako,
Leocadio